Laini Mbili na Vocha

Siku Kapteni, kiongozi wa bendi, alipomwambia kwamba wananunua gitaa jipya la besi na yeye ndiye atakayelichagua, Nguzo aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa ndala. Aliinama tu ili watu wazima wenzake wasimwone machozi.

Msimcheke. Alikuwa na miezi mitatu anaishi roho mkononi. Viungo vya vidole vilikuwa vimeanza kumvimba, nyimbo mbili za kasi alikuwa anazipiga kwa kurukaruka, na mara moja ukumbini, mbele za watu, mkono wa kushoto ulikataa amri kabisa. Hakuna mwenzake aliyesema neno, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Katika bendi, ukikosea ukatukanwa, bado wewe ni wao. Ukikosea wakanyamaza, ujue wanatafuta mtu. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya Kapteni, hatua mbili kushoto, akiushika kila wimbo kwa chini usije ukapeperuka, ndiyo maana wakamwita Nguzo. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda hivyo, wala hakuwa anaitaka.

Sasa wananunua besi. Hakuna bendi inayomnunulia besi mpya mtu inayetaka kumtoa. Hivyo ndivyo alivyowaza, na hata wewe ungewaza hivyo hivyo.

Akaenda dukani na bahasha ya Kapteni ndani ya shati. Muuzaji, bwana mmoja aliyejimwagia manukato utadhani anakwenda kuoa, alimshushia besi nyekundu inayong'aa.

"Hii ndiyo habari ya mjini, mzee wangu."

"Hebu niione hiyo habari." Nguzo aliinyanyua usawa wa jicho akaitazama shingo yake kwa urefu, kama seremala anayekagua mbao. "Habari yako imepinda."

Ya pili ilikuwa na shingo nzuri, lakini ukibonyeza katikati, uzi wa kwanza unakoroma. Ya tatu ukizungusha kifundo cha sauti, inakaanga vitunguu. Ya nne ilikuwa ya kahawia, imetundikwa pembeni, ina vumbi mabegani.

"Hiyo haina soko," muuzaji alisema.

"Mimi sitafuti soko."

Aliibonyeza kila uzi, kila chuma cha shingoni, kutoka kichwani hadi kiunoni, bila kuichomeka kwenye spika, sikio limelala juu ya mbao. Umeme ni mwongo, humpamba kila mtu. Kitu kikiimba vizuri kikiwa kikavu, basi kinajua kuimba. Alizungusha vifungo vya nyuzi kimoja kimoja kuona kama vinateleza. Muuzaji alikwenda kunywa chai, akarudi, akamkuta bado yuko kwenye uzi wa tatu.

"Mzee, unanunua gitaa au unaposa?"

"Ukiposa vibaya kuna wazee wa kusuluhisha. Shingo ikipinda utamwita nani?"

Alirudi nyumbani na besi ya kahawia mgongoni, anapiga mluzi. Mkewe alimpokea mlangoni, akaitazama ile besi, kisha akatazama ukutani ilikotundikwa ile ya zamani, yenye gundi sehemu mbili, ambayo nyumba nzima iliiita Bi Mkubwa.

"Bi Mkubwa ana habari?"

"Atazoea. Wote huzoea."

"Thubutu," mkewe alisema, wakacheka wote wawili.

Kutengeneza besi mpya si kazi ya pupa. Alizitoa nyuzi za kiwandani, akafunga zile nene anazozipenda, akazikaza, akaiacha mpaka asubuhi ili mbao izoee mvuto. Asubuhi aliingiza ufunguo mdogo kwenye chuma kilichofichwa ndani ya shingo, akauzungusha robo, akaiacha tena. Mbao haiamrishwi, hubembelezwa. Baada ya hapo ndipo akapima kimo cha nyuzi, na hapo lazima niwaeleze kidogo, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Mafundi wenye vyao hupimia rula maalumu. Ya Nguzo ilipotea zamani, naye akaanza kupimia kadi za laini za simu zilizokufa. Unazipanga moja juu ya nyingine, unazisukuma chini ya uzi, kwenye chuma cha kumi na mbili. Yeye alitaka laini nne, kwa sababu anapiga kwa nguvu na nyuzi za chini humgongagonga. Binti yake, Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliyemfundisha kwa Bi Mkubwa tangu akiwa darasa la sita, ana mkono mdogo na mguso laini. Laini tatu zilimchosha, mbili zikawa zinakoroma, basi siku moja akaokota vocha iliyokwanguliwa akaipachika juu ya zile mbili. Laini mbili na vocha. Kikabaki kipimo cha watu wawili. Fundi mwingine akiwasikia angedhani wanaongelea kupiga simu. Lakini Kitinda sasa alikuwa mtu mzima, na tangu mwaka jana alikuwa ameacha muziki. Alisema amepata kazi ya mchana kwenye duka la kutoa kopi. Ilimuuma baba yake kidogo, lakini kazi ni kazi.

Nguzo aliweka laini nne, akajaribu, akatabasamu peke yake, akaipeleka besi kwa Kapteni.

Kapteni alikuwa na kibanda chake cha kunyolea karibu na stendi. Alikuwa anamchonga mteja ndevu, akaendelea kuchonga, akawa anaongea na Nguzo kupitia kioo.

"Umechagua vizuri, ndugu yangu. Mikono yako ibarikiwe." Akaitazama besi kwenye kioo. "Ila nyuzi ziko juu."

Nguzo alishangaa. Kapteni alijua kuimba, kunyoa na kuvaa. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kujua hata besi ina nyuzi ngapi.

"Ziko juu?"

"Zishushe. Funga nyembamba. Na mkanda ufupishe, ukae juu kifuani."

Nguzo akafikiri, wameniona vidole. Wananihurumia. Moyo ukamlainika. "Nizishushe kiasi gani?"

"Weka laini mbili na vocha," Kapteni alisema, akapuliza nywele kwenye mashine. "Uilete kesho kutwa, siku ya mazoezi."

"Sawa," Nguzo alisema.

Alitoka. Alipita duka la kwanza, akapita la pili. Mbele ya duka la magodoro miguu ikagoma. Watu wakawa wanampita kushoto na kulia, mmoja akamwambia mzee, kaa pembeni. Laini mbili na vocha. Duniani walikuwepo watu wawili tu wanaojua maneno hayo, na mmoja wao alikuwa amesimama mbele ya magodoro na besi mgongoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza pia kukuita baba.

Alijaribu kumtetea. Labda alimwambia tu kwa mazungumzo. Labda walikutana njiani. Lakini nyuzi nyembamba? Mkanda mfupi? Yeye ni mrefu, mkanda ule ungemkaba. Alipima kwa macho mahali ambapo besi ingekaa, akamwona mtu anayemfikia begani. Hapakuwa na labda tena.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Akaketi, akailaza besi mapajani, akafunga nyuzi nyembamba. Alipoingiza ufunguo shingoni, nakwambia kweli, shetani alikaa naye kwenye kochi lile lile. Mzunguko mmoja wa ziada, basi. Leo ingelia vizuri, kesho ingelia vizuri, wiki ijayo ukumbini shingo ingevutika polepole na kila noti ingekoroma mbele za watu, na hakuna ambaye angejua ni nani. Mkono ulikuwa tayari umekaza. Akauachia. Si kwa wema, msimpambe. Alikuwa na hasira ya kuua mbu kwa rungu. Ila hajawahi kutoa kazi mbovu, na hakuwa tayari kuanzia kwa mtoto wake. Akazungusha kinachotakiwa, akaiacha ilale, na asubuhi akapanga laini mbili, akaweka vocha juu, akaufupisha mkanda.

Hakungoja siku ya mazoezi. Alitaka asikie kwa mdomo wa Kapteni, siku hiyo hiyo. Alikuta kibanda kimefungwa.

"Kapteni kaenda mazoezini," alisema fundi viatu wa jirani. "Si Jumatano leo? Jumatano na Ijumaa ndizo siku zao."

Nguzo alizijua Jumatatu na Alhamisi.

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya gereji. Ngoma alizisikia kabla hajafika getini. Alisukuma mlango, na muziki ukafa vipande vipande, kwanza gitaa, kisha sauti ya Kapteni, mwisho dramu. Kitinda alikuwa amesimama hatua mbili kushoto nyuma ya Kapteni, besi ya kuazima ikiwa juu kifuani.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hata akiwa na hasira vipi, Nguzo hakuwahi kuacha kumwitikia mwanawe marahaba. Siku hiyo hakuitikia. Alifungua begi, akatoa besi ya kahawia, akamnyooshea.

"Ijaribu."

"Baba..."

"Nimesema ijaribu."

Kitinda aliichomeka. Akapiga noti nne tano kwa woga, halafu vidole vikasahau woga vikakimbilia wimbo uliokuwa karibu. Mpiga dramu, mkono wake ukiwa na haraka kuliko akili, akaingia. Gitaa likaingia. Nguzo akawa anausubiri wimbo ajue ni upi, maana nyimbo zote za bendi hiyo alizijua kama vyumba vya nyumba yake. Haukuja. Ulipinda asikotarajia, ukapanda, ukapinda tena, na wote wakapinda pamoja nao bila kutazamana. Ule haukuwa wimbo wa wiki moja. Na binti alikuwa anaupiga vizuri. Hakuna uzi uliokoroma. Moyo wa Nguzo ulivimba kwa fahari na kwa uchungu, vyote mara moja, na alichukia kwamba fahari nayo ilikuwemo.

Wimbo ukaisha.

"Huu mna muda gani nao?"

Kapteni alikohoa. Mpiga dramu, ambaye Mungu alimnyima kipaji cha uongo, ndiye aliyejibu. "Huu ndio wa kwanza tuliofanya na yeye. Sasa ziko kumi na moja."

"Kumi na moja."

"Ndugu yangu," Kapteni akasogea, mikono wazi, "tungekuambia. Tulisubiri tu umalize besi."

"Kwa nini msubiri?"

"Nani mwingine angeiweka hivi?" Alisema kama anamsifu, na nadhani kweli alikuwa anamsifu. "Na wewe huendi popote. Utakuwa fundi wetu. Kila onyesho tunakuwa na wewe, unakaa pembeni, unatutengenezea."

Nguzo hakumtazama. "Kopi nazo, Kitinda?"

"Nilisema wakuambie, baba. Nilisema."

"Mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Niliogopa."

"Tumekula meza moja kila jioni. Ulikuwa unaogopa huku unaniomba nikupitishie chumvi?"

Kitinda akaanza kulia, besi imemkaa kifuani sawasawa, hata kidole hakipiti kati yake na mkanda.

"Mmenisaliti," Nguzo alisema, polepole, ili kila mmoja apate fungu lake. "Wewe Kapteni umenizunguka, nitalimeza. Rafiki ni mtu wa nje. Lakini mtoto..." Aliliacha begi tupu sakafuni, akatoka.

Alitembea njia nzima kwa miguu. Alijiambia kwamba ana nyumba, na ndani yake kuna mtu mmoja wa kumwambia habari hii, akalie hapo, aitwe mjinga kwa upendo, kisha wapange.

Mkewe alikuwa jikoni, amempa mgongo, anachambua mchele kwenye sinia. Hakugeuka.

"Pole sana, mume wangu," alisema. "Ndiyo dunia."

Kuna pole ya kazi, ile nyepesi unayotupiwa kila jioni pamoja na maji ya kunawa. Na kuna pole ya msiba, ambayo hushuka chini ikatulia. Hii ilikuwa ya msiba. Nguzo alisimama mlangoni. Hakuwa amefungua kinywa, hata ndala hakuwa amevua.

"Pole ya nini?" aliuliza.

Mikono iliacha kuchambua.

"Pole ya nini, mama?"

"Nilimwambia Kitinda akuambie mapema," mkewe alisema, bado amempa mgongo. "Akawa hawezi. Basi nikamfuata Kapteni. Nikamwambia, angalau kuinunua hiyo besi, mpe yeye. Aende dukani, aguse, achague, aitengeneze kwa mikono yake." Akasogeza sinia pembeni. "Nilitaka ufurahi kidogo kwanza."

Na kweli, alikuwa amefurahi sana.