Vidonge Vitano Vilivyozidi

Mke wa fundi alihesabu mara ya nne. Vifungo kumi na kimoja. Vidonge kumi na sita. Akavirudisha vidonge kwenye kopo, akavimwaga tena mezani, akahesabu upya kwa kuvigusa kimoja kimoja. Kumi na sita vilevile. Hapo akaanza kujiuliza kama kilichorogwa ni kopo au ni yeye.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Tangu kiharusi kimlaze mumewe upande wa kulia, fundi cherehani huyo aliweka glasi mbili dirishani. Kila mwezi wakitoka kliniki na vidonge thelathini vya presha, alitia vifungo thelathini vya shati kwenye glasi ya kwanza. Kila asubuhi, akishameza kidonge, alihamishia kifungo kimoja kwenye glasi ya pili kwa mkono wa kushoto, na ole wake atakayejitia kumsaidia. Kwa hiyo vifungo na vidonge vilivyobaki sharti vilingane. Na mtu aliyekula na kulala na vifungo maisha yake yote hawezi kukosea vifungo. Basi aliyekosea ni nani?

Vingepungua, angeelewa. Angelaumu panya, angelaumu wajukuu. Lakini vidonge vizidi? Nani aliwahi kusikia panya anayeleta?

Mhudumu wa afya, mwanamke wa makamo mwenye pikipiki na maneno machache, alimkuta na kopo wazi mezani. Akahesabu naye, akatazama kadi, akashusha pumzi.

"Mama, humpi dawa."

"Nampa!"

"Vimezidi vitano. Maana yake siku tano hakumeza."

"Nampa kwa mkono wangu huu, namtazama koo mpaka lishuke."

"Sikulaumu, mama. Kazi ya kuuguza inachosha. Ila kiharusi cha pili hakibishi hodi, na safari hii huenda asiamke."

Mke wa fundi alisikia machozi yakimpanda. Aliogopa, tena alijiogopa mwenyewe. Labda kweli kuna asubuhi alimpa maji matupu, mawazo yakiwa shambani. Mtu anaweza kutia chumvi mara mbili asijue, sembuse kidonge? Kama ni hivyo, basi alikuwa akimuua mume wake polepole huku akimwambia "pole".

Mhudumu alimfunga fundi mkanda wa mashine mkononi, akasubiri, akasoma. Mia na thelathini na mbili kwa themanini na nne. Akakunja uso, akapima tena. Ilikuwa ileile.

"Sasa hapa sielewi," alisema. "Huu si mkono wa mtu asiyemeza dawa."

Wakawa wawili wasioelewa. Wa tatu, fundi mwenyewe, alikuwa akipiga kelele kitini. Kiharusi kilimwachia silabi moja tu ya kufanyia kazi zote. "Ta! Ta!" Akaonyesha kopo, akaonyesha mlango. Mkewe akamletea maji. Akayasukuma. Mkewe akadhani anasikia joto, akafungua mlango wote. Fundi akafumba macho kama mteja aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja.

Kupitia mlango huohuo akaingia wifi, dada mkubwa wa fundi, anayekaa nyumba ya nyuma. Kila asubuhi alikuja kumnyoosha mdogo wake mkono uliolala, huku akimtania mke wa fundi bila huruma.

"Wifi, mbona umenuna? Leo bwana harusi wako kakataa chai?"

Mke wa fundi akamweleza habari ya vidonge.

"Labda vimezaana," wifi akasema, akacheka peke yake. Kopo hakulitazama.

Akainama kushika mkono mgonjwa. Ule mzima ukamrukia, ukakamata pindo la kitenge chake pale alipokuwa amefunga fundo, ukavuta.

"Wee! Utanivua nguo mbele ya watu!"

Fundo likafunguka. Vidonge vikamwagika sakafuni, vyeupe, vyenye mstari katikati, sawasawa na vya kopo, kwa kuwa kaka na dada walihudhuria kliniki moja na kupewa dawa moja. "Ta," fundi akasema, akajiegemeza, amechoka.

Hakuna aliyeinama kuviokota.

"Mwezi ule kliniki walisema dawa imekwisha, turudi wiki ijayo," wifi alianza, sasa bila utani. "Nikaapa, huyu hataishiwa tena. Changu nikawa nakiweka. Nikiona kopo linashuka, natia kimoja."

"Na wewe unameza nini?" mhudumu akauliza.

"Mimi? Mgonjwa si yeye? Mimi nalima, nachota maji. Siumwi popote."

Mke wa fundi alipandwa na hasira, kisha aibu, kisha asijue ashike lipi. Siku zote hizi alikuwa akijiona mwendawazimu, kumbe ni mapenzi ya huyu! Alitaka kumpigia kelele. Lakini mhudumu alikuwa ameshamkalisha wifi na kumfunga mkanda, na mashine ilipolia, hakusema namba. Aliwageuzia waione. Mia mbili na nne kwa mia moja na kumi na nane.

"Mashine yako imechoka," wifi akasema.

Mhudumu akamwacha atulie, akapima mkono wa pili. Ikaja karibu ileile. Akaanza kukusanya vitu vyake haraka. "Twende kliniki. Sasa hivi."

"Nani atamnyoosha mkono huyu?"

"Sasa hivi, mama."

Wifi alitoka akiwatazama mmoja mmoja, kama anangoja mtu acheke. Akapanda pikipiki. "Lakini siumwi popote," akasema tena, taratibu, na safari hii alikuwa anauliza.

Mke wa fundi aliyajua maneno hayo. Mumewe alisema maneno hayohayo asubuhi aliyoanguka, tepe ya kupimia ikiwa shingoni, akimcheka kwa kumwambia akapime. Naye alimwamini, akaendelea kufagia.

Safari hii hakurudi ndani. Aliwaita wajukuu wakae na babu yao, akapanda nyuma ya wifi yake, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, akamwambia mhudumu aende.