Simu ya Brodie Ufukweni

Tulikwenda ufukweni Jumamosi ile kwa sababu Gwenda alikuwa ameshawaahidi wanangu, Maeve na Raff, na kati yangu na yeye hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwaambia kwamba tumeghairi. Kumkatalia Maeve ni kazi. Ana miaka mitano lakini anabishana kama wakili. Tukaona afadhali tumpeleke.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kazini. Ninapika kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya alfajiri, uji na mayai ya kuvuruga kwa watu ambao nusu yao hawakumbuki kama wameshakula. Miguu ilikuwa imevimba. Gwenda naye alikuwa na watoto tangu nilipoondoka kukiwa bado giza. Huyu ni mama mkwe wangu, au alikuwa. Sijui unamwitaje mtu ambaye mwanawe ameshakuacha. Brodie alikwenda kufanya kazi migodini, huko magharibi, akawa anarudi nyumbani wiki moja au mbili kwa mwezi kama wanaume wengi wa Townsville, mji wetu. Zile wiki zikapungua, zikaisha, halafu nikasikia kuna mwanamke Perth. Nilipomweleza Gwenda, alikuja jioni yake na sanduku lake na feni yake, akasema, "Nimekuja kulala chumba cha Raff. Usiniulize hadi lini."

Sikumuuliza. Kufikia siku ile ya ufukweni ulikuwa umeshapita mwaka na zaidi.

Ilikuwa Novemba. Mvua ilikuwa inazungukazunguka nyuma ya milima bila kushuka, na hewa ilikuwa nzito kama taulo bichi. Pale Strand, ufukwe wetu wa mjini, hakuna mawimbi ya maana. Kisiwa cha Magnetic kimekaa mbele kikiyakinga, na maji yanafika mchangani polepole, yanagusa, yanarudi. Ndiyo maana kila mwenye mtoto mdogo huishia pale. Msimu wa konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaounguza ngozi, ulikuwa umeanza, kwa hiyo wavu wa kuwazuia ulikuwa umeshatandazwa baharini, na chupa ya siki imefungwa kwenye nguzo yake kwa atakayeunguzwa. Kijana mwokoaji alikuwa juu ya kiti chake kirefu, anapiga miayo. Na mimi nikapiga.

Tulichomeka mwavuli, tukatandika shuka, tukawapaka watoto mafuta ya kukinga jua huku wakilia kama wanaochunwa. Raff, mwenye miaka miwili, hakungoja lolote. Alikaa chini akala mchanga.

"Mwache," Gwenda akasema. "Una madini."

Aliinuka kwenda kutafuta jiko la kuchomea, yale ya bure yaliyopangwa kando ya nyasi. Yote yalikuwa na watu isipokuwa moja, ambalo mwanaume mmoja mwenye kofia pana alikuwa amesimama mbele yake mikono nyuma, wala hakuna kitu juu ya jiko.

"Baba, hilo jiko unalipika lenyewe?" Gwenda akamuuliza.

"Namsubiri mke wangu. Ameenda kuleta nyama."

"Ameenda kuichinja?"

Yule mwanaume alicheka, akasogea pembeni, akatuachia nusu. Gwenda akapanga soseji na vitunguu, akasimama pale na koleo mkononi, mkono mwingine kiunoni. Nilimtazama kwa nyuma. Alikuwa na miaka sabini na moja, na kila baada ya muda alihamisha uzito kutoka goti moja hadi jingine, kama mtu anayebadilisha bega chini ya mzigo.

Nilikuwa na jambo la kumwambia, nami nilikuwa nimeapa moyoni kwamba siku haitaisha kabla sijalisema. Dada yangu alikuwa amenitafutia kazi kwenye jiko la shule, kule kwetu Tasmania, kusini kabisa. Wazazi wangu walikuwa na vyumba viwili vitupu. Nilikuwa nimeshakubali. Nilikubali kwa simu, nimejifungia kwenye stoo ya kazini nikiwa nimeegemea magunia ya viazi, na tangu hapo kila nikimwona Gwenda anakunja nguo za wanangu natafuta kisingizio cha kutoka chumbani.

"Mama," nikamwambia aliporudi na sahani, "kuna jambo nataka tuzungumze."

"Kama ni choo cha Maeve, nimeshampeleka."

"Si choo."

"Basi linaweza kungoja soseji."

Tukala soseji ndani ya vipande vya mkate, mchuzi wa nyanya ukituchuruzika viganjani. Shakwe walitusogelea wakatuzunguka kama wadai. Maeve alimtupia mmoja kitunguu, wakaja wote, Raff akalia, nikasimama kuwafukuza, nikakaa tena. Nikafungua mdomo. Ndipo simu ya Gwenda ikalia.

Alikuwa Brodie, anataka kuonana kwa video. Alikuwa hajapiga kwa majuma mengi. Gwenda aliishika simu mbali kabisa na uso, mkono umenyooka, maana bila miwani haoni vya karibu, na kwa hiyo hata mimi niliyekaa pembeni nilimwona vizuri: uso umeiva kwa jua, miwani myeusi juu ya kichwa, ukuta mweupe nyuma yake.

"Mama, mko wapi?"

"Ufukweni. Ile pale bahari. Haijahama."

"Nipe watoto."

Maeve alichukua simu. "Baba, Raff amekula mchanga."

"Mwingi?"

"Wa kawaida."

"Nitakuja Krismasi, mrembo wangu. Sawa?"

"Ulisema utakuja siku yangu ya kuzaliwa."

"Kazi ilibana, mwanangu. Krismasi nakuja kweli."

"Haya," Maeve akasema. Hakukasirika. Alimrudishia bibi yake simu akaenda kuchimba, kama mtu aliyetumwa dukani akakuta kimekwisha alichofuata.

Nikadhani imeishia hapo. Nilimvuta Raff nimpanguse mdomo. Brodie akashusha sauti, lakini simu ya Gwenda huwa imefunguliwa sauti hadi mwisho.

"Mama, Renae yuko karibu?"

"Anamfuta mtoto."

"Sikiliza. Dada yake ameandika mtandaoni eti watu wake wanarudi Tasmania, kaweka na vipicha vya mioyo. Rafiki yangu kanionyesha. Unajua habari hii?"

Gwenda aliikazia macho simu. Wala hakugeuka kunitazama. Kitambaa kilibaki mkononi mwangu juu ya shavu la Raff.

"Wale ni watoto wangu," Brodie akaendelea. "Mzuie. Wewe ndiye unakaa naye humo ndani. Wewe atakusikiliza."

"Brodie," Gwenda akasema, "Raff anaogopa nini akilala?"

"Nini?"

"Nakuuliza tu. Usiku. Kuna kitu anakiogopa mpaka tukitoe chumbani. Kitu gani?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Hujui, si ndiyo? Hakuna ubaya, hukuwepo. Sasa nisikilize na wewe. Nilikulea ukakua, nikadhani nimemaliza. Nimechoka, mwanangu. Ukitaka Renae azuiwe, panda ndege uje umzuie mwenyewe. Mimi si mlinzi wako wa getini."

"Kwani wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa kivuli. Huku jua kali."

Akakata. Akafungua boksi la barafu, akaiweka simu ndani katikati ya chupa za maji, akafunika. Sidhani kama alijua anafanya nini. Kisha akainuka, kwa hatua zile zake, mkono kwanza, halafu goti, halafu la pili, akaelekea baharini na gauni lake mwilini.

Niliitoa simu, nikambeba Raff kiunoni, nikamwita Maeve, tukamfuata. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama yale ya kuoshea vyombo. Gwenda alikuwa ameketi ndani ya eneo la wavu, mahali ambapo maji yanafika kifuani, gauni limejaa hewa kumzunguka. Maeve aliona ni mchezo, akaketi mbele yake. Nikakaa na mimi, Raff mapajani.

"Nilitaka nikuambie leo," nikasema. "Naapa. Ndilo lile jambo."

"Najua ndilo. Nilijua sasa hivi." Alichota maji akajimwagia shingoni. "Kinachoniuma ni kulisikia kwa yule. Mtu yuko Perth, anajua ya nyumba ninayolala kabla yangu."

"Nilishindwa pa kuanzia. Umeacha nyumba yako kwa ajili yetu. Ningesemaje? Asante, kwaheri?"

"Ungesema hivyohivyo. Maneno mawili. Ningeyaelewa."

Feri ya kisiwani ilipita mbali, na baada ya muda vikafika viwimbi vyake vidogo, vikatuinua kidogo sote wanne na kutushusha.

"Na mimi nina la kwangu," Gwenda akasema. "Nalo si zuri. Maeve, nenda ukamwonyeshe yule mtoto mwenye boya jinsi unavyozuia pumzi. Hapo tu, nikuone."

Maeve akasogea. Gwenda akamtazama Raff, si mimi.

"Wiki iliyopita nilisinzia mezani. Mchana mweupe. Nilikuwa nakata matofaa yao, kisu mkononi. Kuzinduka, mlango wa mbele uko wazi, na geti. Huyu alikuwa ameshafika barabarani. Mama wa nyumba ya pili ndiye alimshika. Aliniletea akiwa na nepi tu, anacheka."

Nilimkumbatia Raff mpaka akaguna. Nilingoja hasira ije. Ninajifahamu, hasira yangu huwa haichelewi. Lakini nilikuta hakuna kitu, ni kama kuwasha gari ambalo betri imekufa. Nilichoona ni barabara tu, na malori ya bandarini yanayopita mbele ya nyumba yetu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ukijua utaniondolea watoto." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Halafu usiku ule nikalala nawaza, nikagundua naogopa zaidi kwamba hutawaondoa. Kwamba kesho utaamka gizani utoke, nami nitabaki nao tena, na keshokutwa tena. Bibi gani anawaza hivyo?"

"Aliyechoka," nikasema.

"Nawapenda, Renae."

"Najua, Mama."

"Nawapenda na nimechoka. Sikujua hivyo viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kupigana."

Nilianza kulia, si sana, machozi ya mtu anayevua viatu baada ya zamu ndefu. Gwenda hakunikataza. Aliniambia tu nimwangalie Raff asinywe bahari, maana alikuwa ameshakula ufukwe. Nikacheka huku nalia, na Raff naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Utakuja kutuona?" nikamuuliza.

"Kwenye ile baridi? Watu wanavaa soksi kitandani huko."

"Nitakununulia soksi."

"Nunua nene."

Tulikaa majini hadi ngozi za vidole zikakunjamana. Tulipotoka, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kufungasha. Tulijilaza chini ya mwavuli, watoto katikati, na tukakubaliana tulale kwa zamu, mmoja alinde. Gwenda alinitaka nianze. Nililala hapohapo kabla sijamjibu, na aliponiamsha jua lilikuwa limeshahama upande na yeye alikuwa amekaa wima, mkono mmoja juu ya mguu wa Raff, macho mekundu, hajalala hata kidogo.

Brodie alikuja Krismasi kweli. Alilala kwenye kochi, akawanunulia watoto baiskeli zisizobebeka kwenye ndege. Tulizungumza uani, yeye na mimi, na alipoona mama yake hatoki ndani kumtetea alikubali watoto wahame. Alilia. Namwamini kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli; tatizo la Brodie halijawahi kuwa machozi.

Tuliondoka Januari, mvua ikiwa imeshashuka na barabara zimejaa maji. Kwenye uwanja wa ndege Gwenda hakuingia ndani. Alisema kuegesha gari ni shida. Aliwabusu watoto dirishani, akanishika kidevu, akasema, "Haya. Nenda ukalale."

Alipiga simu baada ya siku kadhaa. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema amelala tu. Analala, anaamka, anakunywa chai, analala tena, na nyumba yake iko kimya mpaka anaiwasha redio ili asikie mtu akizungumza.

Mimi asubuhi yangu ya kwanza huku niliamka jua limeshapanda. Nilisikia mama yangu jikoni akibishana na Maeve kuhusu uji, na Raff akigonga kijiko mezani. Miguu iligusa sakafu, baridi. Nikairudisha ndani ya blanketi, nikawasikiliza.