Glavu za Povu

Shuka la tatu lilikuwa limetapikiwa. Povu aliliinua kwa vidole viwili, na katikati ya ule uchafu akaona kitu cha rangi ya waridi. Kidonge! Nusu kimeyeyuka, nusu bado kizima. Roho ikamruka. Jamani, kidonge anachokihangaikia miezi yote hii, mwenzake kakitapika kitandani!

Na wala hakukosea. Alishavimeza vya namna hiyo, kabla havijaadimika. Yeye na mama mwenye nyumba hii anayoifulia ugonjwa ni mmoja, saratani ya titi la kushoto wote wawili, daktari yuleyule. Povu, jina alilopewa na wateja kwa kufulia nyumba za watu tangu usichana wake, aliwahi hata kumringia binti yake: "Mimi na tajiri wangu sasa tumelingana." Binti akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mmelingana kuumwa, mama. Subiri kutibiwa."

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kuja kufua, alikuwa amepitia hospitali ya serikali. Dirishani alikaa mfamasia ambaye wagonjwa wanamwita Bwana Hakuna, maana neno lingine hajajaliwa.

"Baba, vile vidonge vyangu?"

"Hakuna, mama. Vimekwisha nchi nzima. Jaribu mwezi ujao."

"Na huu uvimbe nao niuambie ujaribu mwezi ujao?"

Foleni ikaangua kicheko. Bwana Hakuna akafunga dirisha.

Sasa Povu yuko koridoni na beseni lake la mashuka, mara mlango wa mbele ukagongwa. Nani? Bwana Hakuna mwenyewe! Bila koti jeupe, mfuko mweusi mkononi, meno yote nje.

"Shemeji, mzigo wako huo," akamwambia mama mwenye nyumba.

Akapanga maboksi mezani, moja juu ya jingine. Povu alivitambua vile vidonge hata kabla hajasogea.

"Usivishike kwa mkono mtupu," Bwana Hakuna akaeleza, mpole kama mwalimu wa chekechea. "Umeze kizima, kwa maji, ukishakula. Usivunje, usitafune. Ukitapika, usirudie kingine, subiri wakati wa dozi inayofuata. Na uvifungie kabatini, asije mtu akavigusa." Hapo akamtupia Povu jicho.

"Na huyu anayenifulia?"

"Avae glavu. Dawa hii inatoka na jasho, na matapishi, na mkojo. Inapenya ngozi hii. Ni sumu, si mchezo."

Povu akaweka beseni chini. "Baba, asubuhi si uliniambia vimekwisha nchi nzima?"

Bwana Hakuna hakupepesa macho. "Vya hospitali vimekwisha, mama. Hivi ni vya nyumbani."

"Povu," mama mwenye nyumba akaingilia, sauti laini kama pamba, "usiwe na kijicho, mwaya. Kila mtu na riziki yake. Mimi mwenzio nakuombea kila siku." Akafungia maboksi kabatini, ufunguo akautumbukiza kifuani, upande wa kulia. Kisha akatoa glavu mpya za njano. "Haya, shika. Usije ukasema sikujali."

Povu akashukuru. Angefanyaje?

Uani akazivaa, akafungulia bomba. Nyumba hii aliifulia miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kuitamani hata ndotoni. Gari lao wapande wao, hewa baridi wapulizwe wao, yeye na povu lake. Leo alilitazama lile doa la waridi likitanuka polepole majini, na wivu ukampanda hadi utosini. Leo alitamani matapishi.

Inatoka na jasho. Inapenya ngozi hii.

Akageuka kutazama dirisha la jikoni. Hapakuwa na mtu. Akavua glavu ya kwanza, akavua ya pili, akazibana kwenye kamba. Akapandisha mikono ya blauzi, akazamisha mikono mitupu mpaka viwikoni, akalifikicha lile doa kwa viganja, taratibu, kama mtu anayejipaka mafuta.

"Povu! Glavu umevaa?"

"Nimevaa, mama!"

Upepo ukazijaza zile glavu kavu pale kambani. Vidole vikasimama vyote, viganja vikageukia nje, kama mtu wa dirishani anayesema hakuna.