Farasi wa Kumi na Mbili

"Weka chini hizo dadu!"

Sauti ya mwalimu mkuu iliingia darasani kabla ya tumbo lake. Nyuma yake alisimama mama mmoja mshona nguo, uzi bado umemganda begani. Binti yake, aliyekaa dawati la mbele, aliinamisha kichwa.

Mwalimu wa hisabati alipangusa chaki mikononi. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Huenda, kwa kuwa hakuna swali alilolijibu bila neno hilo. Dadu zile alizichonga mwenyewe kutoka mguu wa dawati bovu, akazipiga msasa mpaka kila upande ukalingana na mwenzake. Nani mwingine angejisumbua hivyo kwa ajili ya watoto wa watu?

"Karibu, mama."

"Sikuja kukaribishwa! Nyumbani kwangu kamari imekula mpaka kitanda. Baba yake huyu haambiliki. Sasa namkuta hata binti yangu anarusha dadu jikoni, eti ndiyo hesabu ya shule! Mwalimu, unataka kunimaliza?"

"Nitazichoma," mwalimu mkuu akasema. "Na wewe ufundishe kwa kitabu, au utafute shule nyingine."

Mwalimu Huenda akazikusanya dadu kiganjani. Shule aliipenda, jamani, na watoto hao ndio kwanza walikuwa wameanza kuipenda hesabu.

"Sawa, mkuu. Ila mama acheze kwanza mara moja, aone ninachofundisha."

Ubaoni palikuwa na farasi wa chaki, kuanzia wa mbili hadi wa kumi na mbili, kila mmoja na njia yake. Unarusha dadu mbili, unajumlisha, na farasi wa jumla hiyo anasogea hatua. Anayefika ukingoni kwanza ndiye mshindi.

"Kumi na mbili," mama akachagua. "Ndiyo namba ya baba yake. Eti ina bahati."

Binti akachagua saba.

Mama akarusha. Sita na sita.

"Heee! Mmeona?" Mama aliruka kama msichana.

Mwalimu mkuu akacheka. "Hesabu zako hizo, mwalimu."

Mwingine angetafuta kisingizio. Mwalimu Huenda alimsogeza farasi wa kumi na mbili hatua yake ya haki, akasema tu, "Endelea kurusha, mama."

Ikaja saba. Ikaja tano, nane, tena saba. Kumi na mbili akaganda palepale. Mama akakunja mikono ya gauni, akazipuliza dadu, akazibembeleza: "Njooni, wanangu, njooni." Wapi! Saba akafika ukingoni, darasa likalipuka kwa vifijo.

"Bado!" mama akapaza sauti. "Ilikuwa inakaribia. Mara moja tu, mwalimu, mara moja tu..."

Mkono wake ukabaki hewani. Binti yake alikuwa anamtazama. Maneno hayo wote wawili waliyajua. Waliyasikia nyumbani kila siku. Mama akakaa taratibu, aibu imemjaa usoni.

"Kwani farasi wangu ana kosa gani?"

"Hana kosa." Mwalimu akamgeukia binti. "Mweleze mama, mwanangu."

Binti akazichukua dadu, akawa anazigeuza mbele ya mama yake. "Kumi na mbili inakuja kwa namna moja tu, sita na sita. Saba ina namna nyingi: moja na sita, sita na moja, mbili na tano..."

"Na ile ya kwanza niliyopata?"

"Nayo huja, mama. Mara chache."

"Hiyo ndiyo inayomrudisha baba yako kwenye kamari," mama akasema.

Kengele ya kutoka ikalia. Mwalimu mkuu akakohoa. "Basi nizichome?"

"Usithubutu! Mwalimu, niazime mpaka kesho, nicheze na baba yake."

"Huenda asikubali kucheza, mama."

"Huyo? Atakubali."

Mwalimu akampa dadu zote mbili, na binti akampa kipande cha chaki, akamwambia: "Mchoree farasi wote. Na akipata kumi na mbili, msogezee. Usimwibie hata hatua."

Mama na binti wakavuka uwanja. Karibu na lango mama akasimama, akachuchumaa kwenye saruji, akamwambia binti achore hapohapo. Alitaka kurusha tena kabla ya kufika nyumbani, safari hii akiwa upande wa saba.