Kifungu cha Kina Mama

Mwanahija alikuwa akibishania bei ya madera kwenye duka la jumla kwenye mtaa wa Guangyuan Xilu, Guangzhou, China, simu yake ilipolia. Alikuwa Swalha, binti wa Unguja anayesomea sheria mjini humo.

"Shangazi, wageni wa serikali kutoka nyumbani Tanzania wamefika! Wanakusanya maoni yetu kuhusu mwongozo wa kuzuia vijana wasivutwe na makundi ya itikadi kali. Kikao ni leo baada ya Adhuhuri. Sisi wanawake tumeambiwa tulete pilau."

"Pilau tutapeleka," Mwanahija akajibu. "Na kusema tutasema."

Ukumbi wa juu wa mgahawa wa Waislamu wa Kichina ulijaa wafanyabiashara na wanafunzi, wanaume mbele. Bwana Gaudence, kiongozi wa wageni, alisoma rasimu. Alipofika kwenye kifungu kinachomtaka kila mzazi wa Kiislamu amripoti mwanawe kwa polisi mara anapobadilika tabia, Swalha alimfinya Mwanahija. Mwanahija akasimama.

Ahmada, mwenyekiti wa wafanyabiashara, akageuka. "Mwanahija, zamu ya kina mama itafika."

"Itafika lini, kaka? Kijana aliyetaka kupotea alikuwa wa kwetu."

Akasimulia. Abdulsalam, mtoto wa dada yake kule Tanga, alinaswa na mhubiri wa mtandaoni. Akaacha kumwamkia jirani yao Mkristo, mama aliyemlea pamoja na wanawe. Mama yake mzazi aliyaona yote akayameza, kwa hofu kwamba akisema, mwanawe atachukuliwa asirudi. Mwisho akamlilia Mwanahija. Ndipo Mwanahija akawa anampigia kijana simu kila siku baada ya Alfajiri, wala hamhubirii. Anamwuliza amelalaje, amekula nini. Asubuhi moja Abdulsalam akaangua kilio: ameahidiwa na watu wa mhubiri yule kazi ng'ambo ya mpaka, na sasa anaogopa kwenda, anaogopa kukataa.

"Tulimtoa sisi wanawake, mimi kwa simu na mama yake kule kule, pamoja na shehe wa mtaa. Leo anasoma ufundi umeme. Lakini kwa kifungu hiki, dada yangu angenyamaza mpaka mwisho! Mpeni mama pa kukimbilia kwanza. Na kwa nini mzazi wa Kiislamu peke yake? Mnatuomba tulinde nchi huku mnatutazama kama washukiwa?"

"Sema, dada!" sauti ikatoka nyuma.

Swalha naye akainuka. "Kila wilaya iwe na kamati ya ushauri, nusu yake wanawake. Na maneno 'wa Kiislamu' yaondoke."

Bwana Gaudence alivua miwani. "Basi tukiandike upya. Hapa hapa."

Viti vikaburutwa. Ahmada mwenyewe alimpisha Mwanahija mezani. Walibishana, wakafuta, wakaandika tena. Pilau ikapoa na hakuna aliyejali. Kifungu kiliposomwa kwa sauti, mikono yote ikapanda.

"Nahitaji mtu wa kukitetea kifungu hiki kwenye kikao cha mwisho Dodoma," Bwana Gaudence akasema. "Mama Mwanahija, utakuja?"

Vigelegele vilipasua ukumbi. Mwenye mgahawa akapanda ngazi mbio, akiuliza nani anaolewa. Swalha akamweleza kwa Kichina huku akicheka, naye akashuka kuwaletea chai.

Mwanahija alikuwa keshampigia dada yake.

"Dada, kaa chini kwanza. Umekaa? Nakuja Dodoma, na wewe unafuatana nami. Safari hii utasema mwenyewe!"