Wekundu wa Lusangi

Rachida alifika Lusangi kutoka ofisi ya zone ya afya, Kasongo, na ramani ya mkoa mzima, kila eneo na rangi yake. Kazi yake ofisini ni kulinganisha takwimu: wapi wanawake wanazalia kwa wauguzi, wapi wanazalia nyumbani, na kwa nini. Lusangi ilikuwa nyekundu, rangi ya wanaozalia nyumbani, na hilo lilimkera.

Mbele ya akina mama waliokusanyika nje ya nyumba ya uzazi, aliibandika ramani ukutani akawakaripia.

"Wamama wa Wamaza, kule mbali, wanafika kwa miguu," alisema. "Ninyi, maternite iko hapa mbele ya mulango. Haiko mbali. Ni ujinga tu."

Akina mama waliinamisha vichwa. Rachida akipata wasikilizaji hajui kunyamaza, basi akalirudia neno hilo.

Alipomaliza alivuka barabara kumwona mdogo wake Faida, mke wa Aganze, mchimba dhahabu kutoka Kivu. Alidhani bado ana mimba. Alimkuta amelala mkekani, kichanga ubavuni kimefungwa shati la baba yake. Kilizaliwa juzi, humo humo chumbani, na sasa mama yake alikuwa anachemka homa.

"Nilikusikia kule inje," Faida alisema. "Unasema ujinga."

"Juu ya nini hukuenda, Faida?"

"Sikukuwa na leyeti, yaya," Faida alimjibu dada yake.

Kila anayekwenda kuzaa hufungua leyeti, kifurushi chake cha uzazi, kitandani, wenzake wakitazama: nguo mpya za mtoto, vitenge, beseni, sabuni. Mwenye matambara husemwa mpaka sokoni. Na tangu mvua zianze, shimo la Aganze lilikuwa limejaa maji, na pesa hakuna. Rachida alikuwa amepima umbali, elimu na kipato cha watu. Aibu hakuipima.

"Ungeniambia, ningekutumia."

"Nilisikia haya kukuomba. Watu wote wanajua niko mudogo wa madame wa zone."

Rachida alimgusa paji la uso, akaogopa kweli. Homa ya mzazi si ya kungojea kesho. Alimfunga mtoto kifuani, akamshika Faida kiunoni, wakafika mlangoni. Hapo akasimama. Akina mama walikuwa bado wameketi palepale, upande wa pili wa barabara.

"Tupite huku nyuma," alinong'ona. "Tuzungukie kwenye mihogo."

Faida alimtazama. "Nyuma iko mbali, yaya. Sina nguvu."

Uso ulimwaka Rachida. Mdogo wake angeweza kufa, naye anatafuta pa kujificha. Alivuka barabara akiangalia chini.

Akina mama walimwona Faida, wakaliona na lile shati. Mmoja alifungua kitenge chake cha juu, akakitandika kitandani mle ndani ya nyumba ya uzazi kabla muuguzi hajauliza lolote. Mwingine akampokea mtoto. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtazama Rachida. Alisimama chini ya ramani yake, akatamani angalau mmoja wao amtukane.