Kilio cha Kiporo

Jamani, kuna watu wana masikio, halafu kuna mama yake Malkia. Kisukari kilimpofusha miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hakuna kitu kilichompita sikioni. Akikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha anajua mlango wa nani umebamizwa kwa hasira, na jirani gani kanunua viatu vipya. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akiikagua kazi ya mwanawe kila jioni, na huruma hakuwa nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutia sauti. Tamthilia inatoka nchi za mbali, watu wa kale na majoho yao na mapanga yao, wanasema lugha yao. Studio inaifuta ile lugha na kuweka Kiswahili. Waliyokuwa nayo mwaka huo ilimhusu binti aliyeanza kwa kuosha sahani jikoni mwa kasri, akapanda polepole, leo kwa akili, kesho kwa machozi, mpaka akakikalia kiti cha enzi. Sehemu themanini nzima. Sauti ya binti huyo ilikuwa ya mwanamke wa miaka thelathini na nne, mfupi, mwenye mafua yasiyokwisha, ambaye mtaa ulishalisahau jina alilopewa na baba yake ukamwita Malkia. Akifungua mdomo gengeni, wanawake wanageuka. "Loo! Kumbe hata malkia anabinya nyanya!"

Mtaa ulimsifu. Mama, thubutu.

"Leo umemeza maneno," mama angesema, tamthilia ikiisha tu. "Na ile pumzi yako bado unaivuta kama mtu anayepanda ngazi na ndoo. Nakusikia wewe pale, mwanangu. Simsikii malkia."

"Mama, malkia si ndiye mimi?"

"Basi ndiyo kasoro yenyewe hiyo."

Miaka kumi na moja ya kazi, neno "vizuri" halikuwahi kumtoka mama mdomoni. Malkia alicheka mbele yake, akaenda kuumia jikoni. Msimwone mtu mzima mkadhani hana haja ya kusifiwa na mama yake. Anayo, tena kuliko mtoto, maana mtoto ana siku nyingi mbele za kusubiri.

Tumaini lake lote alikuwa amelitundika kwenye sehemu ya themanini, siku ya kutawazwa. Pale yule binti anasimama mbele ya wakuu waliomdharau na kuwaambia: "Mimi ndiye niliyeosha sahani zenu. Najua nani alishiba, na najua nani aliwanyima wengine. Leo simameni." Maneno mafupi, lakini Malkia aliyafanyia mazoezi miezi miwili, akiwa bafuni, akiwa njiani, akiwa anamenya vitunguu. Hapo mama atasema, alijiambia. Hapo hana ujanja, atasema tu.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, kuta zimegongomelewa magodoro ya zamani ili kelele zisiingie. Feni ilizimwa kila maiki ilipowashwa, kwa hiyo watu walitia sauti za wafalme huku jasho linawatiririka mgongoni. Na palikuwa na sheria moja ambayo hata bosi mwenyewe aliiheshimu: vilio mwisho. Maneno ya kawaida kwanza, kunong'ona kwanza, mapenzi kwanza. Makelele na maombolezo yanawekwa mwisho wa siku, maana ukishapiga yowe koo limekwisha.

Tena kwa wenye busara palikuwa na akiba. Fundi mitambo, mzee mmoja mwenye tumbo na subira, alikuwa amehifadhi kwenye mashine yake vilio vya kila mtu: kilio kirefu, kilio kifupi, kilio cha kufiwa, kilio cha kuchomwa kisu. Vilirekodiwa mara moja, vikatumika miaka nenda miaka rudi. Wote walitumia, na mtazamaji hakuwahi kulalamika.

Wote isipokuwa Malkia. Yeye alivipa jina, vilio vya kiporo. "Malkia wangu halishwi kiporo," alisema, na watu wakacheka, na yeye akavimba kichwa.

Basi ikafika sehemu ya sabini na tatu, ambamo kaka yake binti anakatwa kichwa mbele ya macho yake. Siku hiyo Malkia alikuwa na mafua ya kufa mtu. Na bosi akaingia asubuhi na mapema, mama mmoja mwembamba asiyejua kukaa chini, akasema kituo cha televisheni kinataka tangazo kabla ya mchana, na katika tangazo wanataka kile kilio.

"Asubuhi hii?" fundi mitambo akauliza. "Bosi, vilio mwisho."

"Kwani huna kwenye akiba?"

"Ninacho. Kizuri tu. Malkia, acha niweke kile cha mwaka juzi, hakuna atakayejua."

Malkia akapenga kamasi. Alimfikiria mama yake dirishani. Yule angejua. Mwaka juzi alishakisikia kilio kile kwenye tamthilia nyingine, na masikio yale hayasahau. Angesema tu: leo umewalisha watu kiporo.

"Washa maiki," akasema.

"Dada, una mafua."

"Washa, baba. Mbona mnaniogopea kama nazaa?"

Akalia. Mara ya kwanza midomo ya kwenye picha ikamtangulia. Mara ya tatu kikatoka chenyewe, lakini yeye akasema hapana, tena. Fundi mitambo akaacha kumtazama. Mara ya kumi na moja kilitoka kilio ambacho kilimfanya bosi, yule asiyekaa chini, akae. Kikaisha, Malkia akageuka kutabasamu na kusema "umeona?" Neno halikutoka. Alifungua mdomo tena, ikatoka hewa tupu.

Daktari wa koo alimwingiza kamera ndogo puani, akamwonyesha kwenye skrini. Mshipa umepasuka kwenye nyuzi za sauti. Wiki sita asiseme chochote, hata kunong'ona. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Na baada ya hapo? Daktari akavua glavu taratibu mno. "Tutaona kitakachobaki," akasema.

Hebu fikirini nyumba ile. Mama haoni, mwana hasemi. Huyu hawezi kusoma karatasi, yule hawezi kuita. Fundi mitambo ndiye aliyemsindikiza nyumbani na kumweleza mama, naye mama akasikiliza hadi mwisho bila kupepesa yale macho yake meupe.

"Nilimwambia mimi," akasema. "Pumzi. Miaka yote nasema pumzi." Kisha akanyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukampata. "Haya. Tutasemezana hivi. Ukinibonyeza mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Umenielewa?"

Akambonyeza mara moja.

"Na kule kutawazwa? Si walishakurekodi?" Sauti ya mama ilikuwa imebadilika kidogo. "Nilikuwa nakusikia huko bafuni na sahani zako. Nimekungojea sana hapo."

Jamani! Miaka kumi na moja mama hajasema anangoja chochote. Fundi mitambo akainamisha macho. Malkia akasimama pale na mkono wa mama ndani ya wake, na akaubonyeza mara moja.

Ule ulikuwa uongo, na uongo una tabia ya mgeni asiyeaga. Maneno ya sehemu zilizotangulia Malkia alikuwa ameshayarekodi, lakini sehemu ya themanini ilikuwa haijaguswa. Kituo kilikataa kungoja wiki sita. Kilikataa hata wiki mbili. Bosi akazunguka chumbani kama kawaida yake, mwishowe akasimama mbele ya msichana mmoja aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Msichana huyo alikuwa na miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyemtilia sauti mtumishi wa malkia, kwa hiyo walimwita Kijakazi, na kwa sehemu zote hizo alikuwa amesema "Ndiyo, bibi yangu," na "Bibi yangu, wanakuja!" na karibu hayo tu.

"Siwezi," Kijakazi akasema, akitazama si bosi bali Malkia. "Dada, wallahi siwezi."

Malkia akachukua daftari, akaandika: Utaweza. Kaa hapa.

Binadamu ni binadamu, na Malkia hakuwa malaika. Kuna upande wake mmoja uliomwombea yule mtoto kigugumizi. Angeweza kumfundisha nusunusu, nani angejua? Lakini kila wivu ulipompanda alimkumbuka mama kitini, akitega sikio. Mtoto akikosea, mama atajua ni mtu mwingine, na atajua kabonyezwa mkono kwa uongo. Basi akatoa yote. Siku tisa alisimama nyuma ya Kijakazi, kiganja kimoja tumboni mwa mtoto, kingine begani. Kiganja cha tumbo kilisema vuta, cha bega kilisema ngoja. Alimwonyesha pa kutulia baada ya "sahani zenu", na namna ya kulitamka "simameni" bila kupaza sauti, kwa sababu mwenye amri hana haja ya kelele. Aliandika daftari zima. Ukurasa mmoja aliandika yale ya mama: usimeze maneno, usivute pumzi kama mtu mwenye ndoo.

Hilo la pumzi Kijakazi hakulihitaji. Mapafu yake yalikuwa mabichi, pumzi iliingia na kutoka bila kusikika. Siku ya kurekodi alimaliza mara ya pili tu. Sauti ilikuwa ya Malkia, kabisa, ila imefuliwa.

"Dada, nimekuharibia?" Kijakazi akauliza, machozi yakimlenga.

Malkia akatikisa kichwa. Akatoka nje, akasimama nyuma ya duka la vioo akijitazama kwenye kipande kilichoegeshwa ukutani, akitamani kusema neno lolote tu, hata tusi.

Jioni ya sehemu ya themanini mama alivaa kitenge chake cha kutokea, mtu asiyetoka. Alitaka kiti kisogezwe mbele. Alitaka mkono wa mwanawe. Wimbo wa mwanzo ukapita, wakuu wakaingia, tarumbeta zikalia, halafu pakawa kimya, na binti wa jikoni akasimama.

"Mimi ndiye niliyeosha sahani zenu."

Vidole vya mama vikakaza. Malkia hakuitazama televisheni. Aliutazama uso wa mama yake mwanzo hadi mwisho, na akaona kitu alichokitafuta miaka kumi na moja kikija juu yake polepole, kwenye mdomo kwanza, kisha kwenye paji la uso. "Leo simameni," sauti ikasema, na mama, na miguu yake mibovu, akajiinua nusu kitini pake, akakaa tena.

Akamgeuzia mwanawe uso.

"Mwanangu," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nakusikia wewe. Kila siku, wewe tu, mwanangu na mafua yake. Leo sikukusikia hata kidogo. Leo nimemsikia malkia." Akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Vizuri. Vizuri sana. Nikifa leo, nimesikia. Kweli yule alikuwa wewe?"

Malkia akaubonyeza mkono mara moja.

Wiki sita zilikwisha siku ya Jumanne. Daktari alimwambia aseme "a", akasema. Kilichotoka kilikuwa kizito, kimepasuka katikati, kama mlango unaoburuta sakafu. Akasema tena. Mlango uleule.

"Hiyo ndiyo iliyobaki," daktari akasema, na hakuwa mtu mbaya. "Itakutosha kwa mazungumzo ya kawaida."

Njiani alijaribu. Alijificha kwenye uchochoro wa maghala, akasema "Mama." Mwanaume aliyekuwa anapakua magunia akageuka kutafuta bibi kizee gani anaita. Akasema "Mama, ni mimi," mara tatu, mara nne, akiipandisha, akiishusha, akiweka kiganja tumboni kama alivyomwekea yule mtoto. Haikusaidia kitu.

Alipoingia, mama aliujua mwendo wake tangu mlangoni.

"Leo ndiyo leo!" akaita. "Wiki sita, nimezihesabu mwenyewe. Njoo hapa. Wamekufungulia, siyo? Hebu nitamkie yale ya sahani, mimi peke yangu, kwa ile sauti. Nimewaambia majirani wote, sasa nataka yangu."

Mkono ukanyooka hewani, ukatafuta. Malkia akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la uchochoroni. Akautazama uso wa mama, jinsi ulivyokaa tayari kusikiliza, sikio moja limeelekezwa kwake.

Akaubonyeza mara mbili.

"Bado?" Mama akashusha pumzi. "Haya, basi. Wasikuharakishe. Sauti kama ile haichezewi." Akampapasa kichwa. "Mimi nipo. Nitangoja."

Malkia akainuka akaenda jikoni. Palikuwa na sahani mbili za mchana. Akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye beseni, na hapo ndipo akalia, mdomo ameufunika kwa kiganja, maana mama ana masikio.